Dirisha Jekundu Lisilofunguka Beni

Dada yangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya mstari mmoja niliouchora mimi. Naanza hapo makusudi. Kila nilipojaribu kuanza mahali pengine, kwa kifo cha wazazi au kwa shule niliyoiacha, niligundua kuwa najitafutia huruma kabla ya kusema nilichofanya.

Lakini wazazi lazima niwataje. Baba aliuawa katika njia ya Beni, na mama akafa hospitalini miezi michache baadaye. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Nyuma yangu alikuwepo dada yangu, niliyemzidi miaka mitatu, na wadogo wawili waliokuwa bado hawajui kufunga kamba za viatu. Nilirudisha vitabu vya shule, nikaenda kubeba makatoni katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyeleta kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Nilianza kwa kuzifuta vumbi. Mteja akirudi na mashine iliyokufa, mimi ndiye niliyepewa bisibisi, kwa kuwa nilikuwa na subira na mikono midogo. Hivyo ndivyo mtu asiye na diplome alivyokuja kukabidhiwa, miaka baadaye, ufunguo wa chumba cha seva.

Dada yangu ndiye aliyemaliza shule. Aliajiriwa katika shirika letu kwa mtihani, akawapita watu kumi na mmoja, wala sikumsemea kwa mtu yeyote. Hakuna aliyeamini hivyo.

Shirika lilikuwa dogo. Liligawa dawa kwa vituo vya afya, kuanzia Kipese huko milimani kwenye baridi hadi Mangina upande wa msitu. Biro kubwa lilikuwa Butembo, tawi lilikuwa Beni, katika komini, yaani kata, ya Beu. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili mezani, nane Butembo na nne Beni, lakini kusema kweli ilikuwa moja tu. Zile za mezani zilikuwa kioo na kibao cha herufi. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya seva, sanduku jeusi lililokaa chumbani mwangu kati ya betri na feni. Hata watu wa Beni, walio kilomita zaidi ya hamsini kutoka kwetu, walifungua barua pepe zao ndani ya sanduku hilo, kupitia sahani ya satelaiti iliyokuwa juu ya paa.

Programu ya barua pepe ilikuja ikiwa nyepesi. Halafu tukaanza kuishikiza programu nyingine ndogo ndogo: ya kukagua virusi, ya kutuma faksi, ya kugeuza oda za vituo kuwa jedwali, ya kalenda ya mikutano. Kifaransa cha mashine kiliziita compléments. Sisi tuliziita wapangaji, maana ziliingia katika nyumba ya mwingine zikatumia maji na umeme wake. Shida ya seva ya watu wengi ni kwamba ukimkaribisha mpangaji mmoja anaingia kwa kila mtu. Watu kumi na wawili wakifungua asubuhi, wapangaji watano wanakuwa sitini, na sanduku linaanza kukoroma. Barua ya mistari mitatu ilichukua muda wa kunywa chai kikombe kizima.

Mpangaji mzito kuliko wote ndiye tuliyemhitaji kuliko wote. Vita vilikuwa vimetangazwa kuwa vimeisha, lakini barabara zetu zilibadilisha wenyewe kila wiki. Leo jeshi, kesho watu wa msituni, keshokutwa hujui ni nani aliyevaa buti zile. Mtu wa phonie, aliyekaa Butembo na redio yake akisikiliza vituo vyote, alipopata habari ya njia mbaya aliandika barua yenye kichwa NJIA. Hapo mpangaji huyo alifungua dirisha jekundu lililofunika kioo chote, na halikuondoka mpaka ubonyeze neno “Nimesoma”. Redio ilikuwa na saa zake, asubuhi na adhuhuri na jioni. Simu ya mkononi ilikamata ilipopenda. Dirisha lilikuwa kwa ajili ya saa zilizobaki, na ili lisikose habari lilichungulia sanduku la barua la kila mtu kila dakika. Ndiyo maana lilikuwa zito.

Koordineta wetu alitoka Kasai, na Kiswahili chake alikiokota Goma. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akiwa na kikombe mkononi.

“Petit, hii mashini iko na malaria?”

“Ni wapangaji, chef. Wamejaa.”

“Donc utoshe bamoja. Dirisha ibakie kwa bale banatuma batu ku barabara. Bengine bote, hapana.”

Nilifurahi. Nilikuwa nimeshajifunza kuwa ndani ya mashine kuna mahali pa kuandika kwamba mpangaji ni wa nyumba nzima, na mahali pengine pa kuandika kwamba ni wa mtu mmoja. Nilimwondoa kwenye nyumba nzima. Kisha nikatengeneza faili ya majina. Kila mtu alipoingia asubuhi, seva ilisoma faili ile. Jina likiwemo, ilimfungulia dirisha. Lisipokuwemo, ilinyamaza. Kabla ya kuandika kwenye mashine niliandika kwa penseli kwenye daftari langu la mraba. Yalikuwa majina saba. Beni yalitoka mawili: mkuu wa tawi, na dada yangu, maana yeye ndiye aliyetia sahihi karatasi za njia, zinazomruhusu dereva kutoka, mkuu alipokuwa safarini.

Habari ya orodha ilitangulia kufika jikoni kabla yangu. Mama wa depo, aliyelinda makatoni ya dawa na ulimi mkali kuliko wote katika jengo, alikuwa anamimina chai.

“Njo huyu,” akasema. “Mwenye ufunguo wa mbinguni. Dada yako ulimuandika namba ya kwanza ao ya pili?”

“Ya saba,” nilijibu.

“Aa, ya saba. Basi ni haki.” Watu wakacheka. “Mi dirisha yangu banatosha, banasema nzito. Ya mutoto ya mama yake iko nyepesi.”

Nilicheka nao. Nilirudi chumbani na chai yangu, nikaketi mbele ya daftari. Toka wazazi wafe nilikuwa nimeishi kwa jambo moja: asiwepo mtu wa kusema kwamba yatima wale waliiba au walipendelewa. Nilichukua kalamu ya bic nikachora mstari juu ya jina la dada yangu, nikaandika pembeni tarehe. Nikalifuta na kwenye faili. Yakabaki sita.

Sikufanya kwa upofu. Nilikuwa na sababu, na wakati ule ilionekana nzuri. Beni watu walikuwa na desturi ya kukaa kwenye jina la mtu. Jenereta yao iliwashwa saa chache tu, na kufungua mashine kwa jina lako kulichukua muda mrefu, kwa hiyo wa kwanza kufika alifungua kwa jina la mkuu wa tawi, na wengine wakapokezana kiti na jina lile lile. Siri yake ya kuingilia ilikuwa imebandikwa chini ya kibao cha herufi, kila mtu aliijua. Basi nilijiambia: dada atakaa kwenye jina la mkuu kama kawaida, na dirisha litamfungukia pale. Nimemtoa kwenye orodha bila kumtoa kwenye hatari. Niliona nimepita katikati kwa akili.

Baada ya siku mbili dada alinipigia, akaniita yaya kama kwetu anavyoitwa kaka mkubwa.

“Yaya, ile dirisha yangu haiko nafunguka tena.”

“Tumepunguza. Mashine ilikuwa inachoka.”

“Na mi nitajua namna gani?”

“Si mnakaa kwa jina ya chef? Utaona kwake.”

Nilisikia jenereta nyuma yake. “Sawa, yaya,” akasema. Mimi ndiye niliyemlea, na tangu utoto alinijibu hivyo hata pale ambapo hakukubali.

Mwezi haukuisha kabla sijagundua kuwa orodha yangu haifanyi kazi. Seva ilikoroma vilevile. Nilipochunguza nikaona kwamba Butembo nako watu walikuwa wameigundua njia ya Beni. Waliokosa dirisha waliwaomba waliobaki nalo siri zao, wakaingia kwa majina yao. Siku moja jina la katibu wa koordineta lilikuwa limefunguliwa mara nne kwa wakati mmoja, naye yuko kanisani kwenye mazishi. Mama wa depo alikuwa mmoja wa wale wanne.

Nilikasirika kama mtu aliyepanga foleni watu wakampita. Niliandika sheria mpya, koordineta akatia sahihi: kila mtu na jina lake, kila jina na kiti chake. Nilibadilisha siri za wote kumi na wawili, nikachapa kila moja kwenye kipande cha karatasi, nikatia ndani ya bahasha, nikagundisha kwa gundi. Zile nne za Beni nilimpa dereva.

Dereva alikuwa mzee wa kule Kipese, mtu wa pikipiki, aliyepeleka dawa mahali ambapo gari halikufika. Kila alipotoka kwao aliniachia mlangoni kabichi moja, bila kusema kitu, kwa sababu aliwahi kubeba maharage na baba yetu. Alipozishika bahasha alizipima kwa mkono.

“Zimefungwa sana,” akasema, akikumbuka mtihani wa taifa unavyokuja umefungwa. “Hii ni examen d'État?”

“Ni siri za mashine, papa. Kila mutu na yake.”

“Na yangu iko wapi?”

“Wewe huna kioo.”

“Aa. Basi mi nitafauru bila kuandika.” Akazitia ndani ya koti, akaenda.

Hapo nilikuwa nimelifunga dirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilimtoa dada yangu kwenye orodha kwa sababu angeweza kukaa kwenye jina la mkuu. Mara ya pili nilikataza kukaa kwenye jina la mkuu. Kila amri peke yake ilikuwa sahihi, na zote mbili zilitoka mkononi mwangu. Kuzijumlisha ilikuwa kazi yangu, na sikuzijumlisha.

Siku yenyewe mkuu wa tawi la Beni alikuwa kwetu Butembo, kwenye mkutano. Kiti chake kule kilikuwa kitupu na jina lake limefungwa. Saa nne na dakika kumi asubuhi dirisha jekundu lilifunguka kwenye kioo changu. Njia ya Beni kwenda Mangina imefungwa, risasi zinasikika, mtu asitoke. Kupitia mlango niliona wekundu ule ule kwenye vioo vingine. Lilifunguka mara moja, bila kukwama, seva haikukoroma hata kidogo. Nikaona fahari. Lazima niandike hivyo, kwa kuwa ndicho nilichokiona. Nilisema moyoni, sasa inafanya kazi. Nikabonyeza “Nimesoma”.

Na jina la dada yangu lilinipitia. Lilinipitia kama mtu anavyokumbuka kuwa ameacha mlango wazi akiwa tayari yuko mbali. Kisha katibu akaniita nikarekebishe mashine ya kuonyeshea picha ukutani, mkutano ulikuwa unasubiri, nikainuka.

Beni, barua ile ilifika kwa dada yangu bila rangi yoyote, mstari mmoja kati ya oda za vituo zilizojaa tangu asubuhi. Alikuwa anazifungua moja moja kuanzia ya zamani. Mtandao wa simu ulikuwa umekufa. Saa nne na nusu dereva alikuja mezani kwake na karatasi ya njia, dada akatia sahihi, na yule mzee akaondoka na makatoni mawili ya maji ya kutundika kuelekea Mangina.

Adhuhuri, redio ilipofunguliwa, Beni walisema dereva ametoka. Mtu wa phonie alivua vifaa vyake masikioni.

“Ametoka kwenda wapi? Ile njia imefungwa tangu saa ine.”

Sikusubiri jibu. Nilikwenda chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikafungua faili, nikaandika jina la dada yangu chini ya yale sita. Wakati ule nilijiambia kuwa nataka tangazo linalofuata limfikie. Labda hata ilikuwa kweli kwa nusu. Lakini kwa kumfikishia tangazo ningeweza kuufungua mlango na kusema mbele ya watu, jina hili halikuwemo, naliweka sasa. Mtu anayerekebisha kwa haki hafungi mlango kwanza.

Kwa siku tano hatukujua kama dereva yu hai. Siku ya sita alitokea barabarani kwa miguu, bila pikipiki, bila viatu. Waliomteka walikuwa wamemfunga mikono nyuma kwa kamba ya nailoni, wakamtembeza msituni hivyo. Mkono wa kushoto ulirudi. Wa kulia ulibaki wazi, vidole havikufunga tena, si juu ya usukani wa pikipiki wala juu ya kijiko.

Koordineta alipanda Beni kufanya uchunguzi, akanichukua kwa ajili ya mambo ya mashine. Tuliketi katika chumba cha mikutano cha tawi: yeye, mkuu wa tawi, mimi, na dada yangu upande wa pili wa meza, amevaa gauni lake la kanisani.

“Bon,” koordineta akasema. “Message ilifika kwako saa ine na dakika kumi. Karatasi ya njia ulisaini saa ine na nusu. Unielezee.”

“Chef, dirisha haikufunguka.”

“Haikufunguka namna gani?”

“Kwangu haiko. Tangu siku mingi haiko.”

Koordineta akanigeukia. “Petit. Jina yake iko kwa orodha?”

Nilikuwa nimeshafungua faili. Nilikigeuza kioo wakione wote watatu. “Iko, chef,” nikasema.

Na lilikuwemo kweli, la saba, herufi zake zote zimetimia. Mashine huweka tarehe ya siku faili ilipoguswa mara ya mwisho. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba chumbani mle ni mimi peke yangu niliyejua pa kuitazama.

Dada yangu aliangalia kioo. Hakuniangalia mimi. Aliliangalia jina lake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua vizuri.

“Basi labda sikuangalia muzuri,” akasema.

Nje, alipokuwa anakusanya vitu vyake, nilimsogelea. Alikuwa na kikapu, ndani yake kikombe, kalenda na kanga ya kujifunika baridi ya asubuhi.

“Mudogo wetu alipona ile malaria?” akaniuliza.

“Alipona.”

“Asifwe Mungu.” Akainua kikapu kichwani. Hayo ndiyo tuliyosema.

Barua ya kumfukuza iliandikwa na katibu ndani ya seva, na mashine ya kuchapa ilikuwa chumbani mwangu. Niliisikia ikianza. Ilitoka karatasi moja, ya moto, na mimi ndiye niliyeichukua nikaipeleka kutiwa sahihi.

Nilijieleza mengi miezi ile. Kwamba wadogo wawili wako kwenye mabega yangu. Kwamba nikifukuzwa na mimi, tutakuwa wote wanne njiani. Kwamba amekubali mwenyewe, si mimi niliyemtia maneno mdomoni. Alipata kazi ya kufundisha shule ya msingi huko Mangina, na nilijiambia kuwa ualimu ndio aliousomea. Kabichi hazikuja tena mlangoni, na kila Jumatatu nilipofungua mlango nilitazama chini mahali zilipokuwa zikikaa.

Kilichonivunja kilikuwa sifa. Siku moja walikuja wageni kutoka shirika jingine kuona tunavyofanya, maana wao pia seva yao ilikuwa inakoroma. Koordineta aliwaleta chumbani kwangu. Akaniwekea mkono begani.

“Huyu hakusoma sana,” akawaambia, “lakini orodha yake iko sawa kabisa. Hata dada yake mwenyewe alipokosa, hakumuficha.”

Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja aliandika kitu katika daftari lake. Mama wa depo alikuwa anapita korido na katoni, akasimama akanitazama, na safari hii hakuwa na utani. “Kweli,” akasema. “Mi nilimusema vibaya.”

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wote. Nilifungua faili nikaandika majina yote kumi na mawili. Nilisubiri mpaka watu wameingia, Butembo na Beni, na aliyekuwa amekalia kiti cha dada yangu pia. Kisha niliandika barua yenye kichwa NJIA. Niliifanya fupi, kwa sababu nilijiogopa nikipewa nafasi.

“Siku dereva wetu alipokamatwa, dada yangu hakuwa na dirisha jekundu. Mimi ndiye niliyemwondoa kwenye orodha, ili watu wasiseme nampendelea. Baada ya habari kufika nilirudisha jina lake kwa siri. Orodha niliyoionyesha kwenye uchunguzi ilikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa langu.”

Nikaituma.

Seva ilikoroma kama ng'ombe anayezaa. Kwa dakika nzima hakikutokea kitu, nikadhani imekufa, na najua kuwa sehemu yangu moja ilitamani ife. Halafu kupitia mlango nikaona wekundu ukiwaka kioo kimoja kimoja, taratibu, kama taa za mtaa umeme unaporudi. Nilisikia tu panya za kompyuta zikibonyezwa. Kwenye mashine yangu ningeweza kuona ni nani bado dirisha limemfunika. Mwishoni alibaki mmoja tu, mama wa depo. Alilikalia dirisha lile muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma mistari mitano.

Koordineta hakupiga kelele. Alikuja akashika mlango, bila kikombe.

“Ju ya nini hukusema siku ile?”

“Niliogopa, chef.”

“Na leo uliacha kuogopa?”

“Hapana.”

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Waliandika barua ya kumrudisha dada yangu kazini. Mimi ndiye niliyeomba niipeleke, ijapokuwa sikuwa mtu wa shirika tena. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule, Mangina, chaki imemwingia mpaka kwenye nyusi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

“Mi ntabakia huku,” akasema. “Niko na batoto makumi tano na mbili. Bananisikia bila password.”

“Uliona siku ile,” nikamwambia. “Kwenye kioo. Ulijua.”

“Niliona.”

“Na hukusema.”

“We njo ulinilea, yaya. Ningesema nini mbele ya batu?” Alipangusa mikono kwenye kitambaa chake. “Kila mutu alibonyeza?”

“Wote.”

“Hata mama wa depo?”

“Alikuwa wa mwisho.”

Alicheka kidogo, pumzi tu puani. Kisha uso wake ukarudi mahali pake. “Na papa wa pikipiki?”

“Watakuwa wamemsomea.”

“Watakuwa. We ulituma kwa benye vioo.” Kengele ililia, ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. “Yeye hana kioo, yaya. Ulimuambia mwenyewe siku ya bahasha. Alinisimulia akicheka. Uende.”

Nilikwenda siku ile ile, kabla ya jua kuzama. Nyumba yake ilikuwa Beu, nyuma ya soko, ua mdogo uliofagiwa. Mke wake alikuwa bado shambani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake beseni la viazi, na alikuwa amebana kiazi kati ya magoti ili akimenye kwa mkono wa kushoto. Kisu kilikuwa kinateleza. Alinionyesha kigoda kingine kwa kidevu.

Nilitoa daftari la mraba kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga maneno toka Mangina, yakaniishia. Nikafungua ukurasa nikamwonyesha.

“Sina miwani,” akasema. “Soma.”

Nikasoma majina sita. Nikasoma la saba, lenye mstari wa bic juu yake, na tarehe. Nikamweleza mstari ule ulikuwa wa nini, na zile bahasha nne zilikuwa za nini.

Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

“Bahasha zile nilizileta mi,” akasema.

“Ndiyo, papa.”

“Sikuacha hata moja iloe. Kulikuwa mvua toka Butembo mpaka hapa.” Alitazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, vidole wazi. “Nilizitia hapa, kifuani.”

Nilisubiri anifukuze, na ningeondoka. Watu wa soko walikuwa wanafunga mizigo upande wa pili wa ua, mwanamke mmoja akimsema mwenzake kwa Kinande kuhusu gunia lililobadilishwa.

Kisha mzee akaachia kiazi kikaanguka kwenye beseni, akakigeuza kisu, akaninyooshea upande wa mpini.

“Mama atarudi na njaa,” akasema.

Nikakichukua. Nilimenya viazi vyote vilivyokuwemo, naye akinitazama mikono, na nilipokwangua nyama nyingi na ganda aliniambia nipunguze.